Ardhi ni ya Nani? Funzo kutoka Mji wa Greenbelt



Chama cha ushirika kinapopata ardhi pembezoni mwa mji, jambo la kwanza linalozungumzwa mkutanoni huwa ni ramani na bei ya saruji. Hayo ni ya lazima. Lakini liko swali linalotangulia: baada ya miaka hamsini, ardhi hiyo itakuwa mali ya nani? Mji mdogo wa Greenbelt, katika jimbo la Maryland huko Marekani, ulilijibu swali hilo kwa njia mbili zilizo kinyume, na zote mbili zafaa kuchunguzwa.

Greenbelt ulijengwa na Serikali ya Marekani kuanzia mwaka 1935, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, ili kuwapa kazi wasiokuwa na kazi na kuwapatia nyumba watu wa kipato cha chini. Familia za kwanza zilihamia mwaka 1937. Nyumba zilikuwa 885 tu, lakini mji wote ulipangwa kabla ya tofali la kwanza kuwekwa. Katikati yaliwekwa maduka, sinema na shule, ambayo pia ilitumika kwa mikutano ya wakazi. Nyumba zilizunguka viwanja vya wazi, na njia za miguu zilipita chini ya barabara, hata mtoto akaweza kwenda shuleni pasipo kukutana na gari. Kuuzunguka mji ulibaki ukanda wa miti, na ndio ulioupa jina.

Maduka nayo hayakukodishwa kwa wafanyabiashara wa kawaida. Mfuko ulioanzishwa na Edward Filene, tajiri wa Boston aliyeupenda ushirika, ulitoa mtaji wa kuanzia, na mwaka 1940 wakazi wakayachukua maduka kwa hisa zao wenyewe.

Hata hivyo mwanzo huo ulikuwa na doa. Watu weusi walifanya kazi katika ujenzi wa mji, lakini walipangishwa nyumba weupe peke yao. Ramani ilikuwa safi. Daftari la wanachama halikuwa safi. Kanuni ya uanachama wa hiari na wa wazi haina maana mahali ambapo mlango umefungwa kwa baadhi ya watu.

Baada ya vita, Serikali iliamua kuuza mji huo. Wakazi waliona hatari ya nyumba zao kununuliwa na matajiri na kodi kupandishwa. Wakaunda chama, wakiwemo askari waliorudi kutoka vitani, na mwishoni mwa mwaka 1952 chama hicho kikanunua karibu nyumba 1,600 kwa zaidi ya dola milioni 6. Tangu mwaka 1957 kinaitwa Greenbelt Homes. Utaratibu wake ni huu: nyumba na ardhi ni mali ya chama, mwanachama hununua haki ya kukaa bila ukomo, na kila mwezi hulipa sehemu yake ya gharama za matengenezo, bima na kodi. Akitaka kuhama, huiuza haki yake kwa mtu atakayekubaliwa na chama. Nyumba hizo zimo mikononi mwa wanachama hadi leo.

Hilo ndilo jibu la kwanza. La pili linasikitisha. Chama hicho kilikuwa kimenunua pia mamia ya ekari za ardhi tupu. Katika miaka ya 1950 ardhi hiyo iliuzwa kwa wajenzi wa nje. Fedha ziliingia, lakini sauti juu ya ardhi ikatoka. Kwa miaka mingi baadaye wakazi walilazimika kushindana na wajenzi kuhusu majengo yaliyopangwa kandokando yao, juu ya ardhi iliyokuwa yao. Anayeuza shamba la akiba hulipwa mara moja. Hasara yake huwarudia watoto.

Ushirika wa maduka nao ulikua, ukafungua matawi nje ya mji. Mwaka 1984 ulipoliacha duka la chakula la Greenbelt, wakazi walichanga upya na kuanzisha ushirika wao wenyewe wa kuliendesha. Hawakungoja kuokolewa.

Kwa hiyo, Ndugu Makatibu, chama kinachofikiria makazi kiandike mambo matatu katika masharti yake kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji: ardhi isiuzwe bila idhini ya mkutano mkuu uliopewa taarifa kamili, fedha za matengenezo zitengwe kila mwezi na zionekane katika hesabu, na uanachama usimbague mtu. Nyumba iliyochakaa hutengenezwa. Ardhi ikishauzwa, kuirudisha ni kazi nyingine.

Ushirika ni nguvu, na nguvu hiyo husimama juu ya ardhi.