Popo si mchawi

Huko Phoenix, mji wa jangwa kule Marekani, kipindi cha joto, watu wanakusanyika jioni kando ya mfereji. Jua likizama, popo kwa maelfu wanatoka katika shimo refu la saruji linalopitisha maji ya mvua. Hakuna anayekemea. Wanajua popo hao wanaenda kula wadudu, hata wale wanaoharibu mashamba.

Sisi popo mmoja akiingia nyumbani, tunasema: uchawi! Halafu tunatafuta wa kulaumu: mama mzee mjane, ao mtoto yatima. Ndugu yangu, kiumbe cha Mungu kilikuwa kinatafuta chakula. Umemfukuza mtoto kwa sababu hiyo? Leo, kabla giza haliingie, umrudishe nyumbani. Amina.