Muulize Fundi: Ulijifunzia Wapi?

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Kitale na Bungoma

Leo hatukuja kuwafundisha kuandika vitabu vya hesabu. Tumekuja kukiri kosa letu moja, ili nyinyi msilirudie.

Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Kitale kilikuwa na mashine ya kusaga mahindi. Shafti ikalika pale beringi inapokaa, na mashine ikaanza kutetemeka. Akina mama walitaka kumpelekea mzee mmoja mwenye karakana kando ya barabara ya Kitale kwenda Webuye. Sisi wa ofisi tukasema hapana. Fomu yetu ilikuwa na nafasi ya kuandika cheti cha fundi, na mzee hakuwa na cheti.

Basi tukatafuta kijana mwenye cheti. Akaijaza shafti kwa kuchomelea, akaisawazisha kwa tupa, akairudisha ikimetameta. Siku ya tisa beringi ikaungua. Tukawaambia wanunue nyingine, nayo ikaungua. Wiki tano mashine ilinyamaza, na akina mama wakabeba mahindi kichwani mpaka soko la jirani. Pesa za beringi zilitoka kwa mfuko wao, si wetu.

Mwishowe mwenyekiti wao alichukua shafti akaipeleka kwa mzee bila kutuuliza. Mzee akaipima, akasema, "Hii si mviringo. Jicho linaona mviringo, lakini beringi haidanganyiki." Akaijaza upya, akaifunga kwenye mashine ya kukereza. Chuma kikazunguka, kisu kikakikwangua kidogo kidogo, naye akipima kila mara, mpaka beringi ikaingia kwa kubana. Kazi ya nusu siku tu.

Tulienda kumwomba mzee msamaha. Tukamuuliza swali ambalo tungeuliza tangu mwanzo: "Mzee, ulijifunzia wapi?" Tukakaa hapo mpaka jioni. Tulikuta watu watatu katika karakana ile, na kila mmoja ametoka njia yake.

Mzee mwenyewe alitoka Pan Paper, kile kiwanda cha karatasi cha Webuye kilichoanza kazi 1974. Aliingia kama kibarua wa kufagia karakana. Kiwanda kikubwa hakiwezi kusimama kikingoja kila spea itoke ng'ambo, kwa hiyo kina mafundi wake wa kukereza, kuchomelea na kufunga mitambo. Kutoka ufagio akapewa kushika spana, kutoka spana akawa msaidizi, na baada ya miaka mingi akapewa mashine yake. Kiwanda kilipofungwa 2009, alirudi nyumbani na ujuzi wa mikono yake, bila karatasi hata moja ya kuuonyesha. Ni kweli kiwanda kilipata mwenye mpya baadaye, lakini mzee alikuwa ameshaanza kazi yake.

Msimwone yuko peke yake. Hapa kwetu wako mafundi waliofunzwa kazini Kiwanda cha Sukari cha Nzoia, kilichoundwa 1975. Wako waliopitia reli, ambayo ilifika Kitale 1926. Viwanda hivyo vilikuwa shule, ingawa havikuwa na kengele wala yunifomu.

Wa pili alianza kama tanboi wa trekta katika shamba kubwa huku Trans Nzoia. Plau ikivunjika katikati ya msimu wa kulima, nani atangoje fundi wa mjini? Alijifunza kuchomelea usiku kwa mwanga wa taa ya trekta. Hasomi mchoro, lakini anajua plau itavunjika wapi kabla haijavunjika.

Na wa tatu? Mtashangaa. Ni yule kijana wetu wa cheti! Tulimkuta anafagia. Aliposikia shafti yake ilivyokerezwa upya, aliona haya, akaja mwenyewe kuomba afundishwe. Alisoma katika polytechnic ya kijiji. Shule hizo zilianzishwa na makanisa ya Kenya baada ya ripoti ya mwaka 1966 iliyouliza mtoto akimaliza shule ya msingi aende wapi. Siku hizi ni vituo vya mafunzo ya ufundi chini ya kaunti. Kijana alituambia kwamba shuleni kwao mashine ya kukereza ilikuwa moja, na zamu yake ilifika mara chache sana. Kwa hiyo cheti chake si cha uongo. Kilichokosekana ni masaa ya kushika chuma.

Leo yeye ndiye anasoma michoro, anapiga hesabu ya bei na kuandika risiti. Hata kipimo anamsomea mzee, maana macho ya mzee yameanza kuchoka. Hapo ndipo tunapoogopa, ndugu zetu. Wazee wa viwandani wanazeeka wote pamoja. Kama vijana hawako kando yao sasa, ujuzi ule utazikwa nao.

Basi tunawaomba mambo manne:

1. Kabla ya kumpa fundi kazi, mwulize alijifunzia wapi, na nani amewahi kumpa kazi kama hii. Nendeni mkamwulize huyo mtu.

2. Mkimweka kijana wa kikundi kwa fundi, andikeni mapatano: muda gani, malipo gani, na lini ataanza kushika mashine. Asiwe wa kuchota maji miaka miwili.

3. Kijana mwenye cheti msimdharau. Mtafutieni mzee wa kumkomaza.

4. Fundi asiye na cheti msaidieni akipate. Siku hizi nchi yetu ina mpango wa kutambua ujuzi wa mtu aliyejifunza kazini. Ulizeni kwenye kituo cha mafunzo ya ufundi kilicho karibu nanyi.

Sisi tumebadilisha fomu yetu. Nafasi ya cheti bado iko, na chini yake tumeongeza mstari: "Ulijifunzia wapi, na kwa nani?" Mkutano ujao, kila kikundi kije na jina la fundi mmoja mzee wa kijijini kwenu, na jina la kijana mmoja aliye tayari kumfuata. Tutaanzia hapo.