Cheti Kiko Wapi Kwenye Simu Yako?

(Hotuba kwa wazazi, Maktaba ya Kaloleni)



Msimu wa basari ukifika, foleni ya saiba huwa ndefu, na wengi waliomo hawakukosa stakabadhi. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilipigwa skani mwaka jana. Kimo simuni, ila hakionekani, na siku ya mwisho ya kurudisha fomu ni leo.

Mtu wa Kaloleni akienda soko la Burma haulizi jina la barabara. Miguu inaijua njia. Ubongo hufanya vivyo hivyo na faili. Mwaka 2015 Yael Benn, Ofer Bergman na wenzao walichapisha utafiti katika jarida la Scientific Reports. Walipiga picha za ubongo wa watu wakiwa wanatafuta faili. Walipofungua folda baada ya folda, zilifanya kazi sehemu zile zile zinazotuongoza tukitembea mtaani. Walipoandika neno la kutafutia, ikafanya kazi sehemu ya lugha.

Njia hiyo ya pili inakudai ukumbuke neno lenyewe. Sasa nani atakumbuka kwamba cheti cha mtoto kiliitwa "scan0047"? Vijana wetu hutuambia, "Mama, andika tu hapo juu, kitakuja." Mimi sishabikii sana ushauri huo. Unafaa pale njia nyingine zimeshindikana.

Mfungulie kila mtoto folda yenye jina lake. Ndani weka cheti, matokeo ya mtihani na barua ya shule. Wenye vibanda, leseni ya biashara na risiti za kaunti zikae kwenye folda yao. Lakini folda ndani ya folda ndani ya folda ni kama ploti yenye korido nyingi: hata mwenyeji hukosea mlango. Na ukishachagua mahali, usihamishe kila wiki. Njia hujulikana kwa kupitwa mara nyingi.

Vilivyoletwa kwa WhatsApp vitoe huko mapema, kabla havijafunikwa na picha za harusi na salamu za asubuhi.

Jambo moja kuhusu saiba. Ukishachapisha, futa nakala iliyobaki kwenye kompyuta yao, umwage na pipa la taka, kisha utoke kwenye barua pepe yako. Mhudumu hatakasirika. Akikasirika, ya pili iko ng'ambo ya barabara.