Trauti na Mito ya Maji ya Joto

Mtu ashukaye kutoka misitu ya Nyandarua mpaka nchi ya chini huona jambo la kustaajabisha. Huko juu mto ni mwembamba, maji yake ni maangavu kama kioo, na mkono ukitiwa ndani hufa ganzi. Katika maji hayo yumo samaki mwenye madoa, mwepesi kama mshale, aitwaye trauti. Mto huo huo ukifuatwa mpaka chini, maji huwa mapana, mekundu kwa udongo, tena ya uvuguvugu. Na trauti haonekani tena. Watu wa huko chini huweza kuuliza: "Maji ni yale yale, nasi tu watu wa nchi moja. Kwa nini samaki huyu asiletwe kwetu pia?" Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu lililo wazi, maana mtu asipolijua jibu aweza kupoteza fedha zake na jasho lake bure.

Kwanza ifahamike kwamba trauti si mwenyeji wa Kenya. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia, wa ukoo wa ziwa la Loch Leven huko Uskoti, na samaki hao wakatiwa katika mto Gura, unaotoka Nyandarua. Miaka michache baadaye, kama mwaka 1910, trauti wa pili aliletwa kutoka Afrika Kusini. Huyo huitwa trauti wa upinde wa mvua, kwa sababu ya utepe wa rangi ya waridi ulio ubavuni mwake. Asili yake ni mito ya Amerika ya Kaskazini iingiayo Bahari ya Pasifiki. Wote wawili ni wana wa maji ya baridi. Mito ya Nyandarua na ya Mlima Kenya iliwapokea vizuri, nao wakazaana humo.

Sasa, kwa nini joto liwe adui yao? Samaki hana joto lake mwenyewe kama mtu au ng'ombe. Mwili wake hufuata joto la maji. Maji yapatapo joto, mwili wake hufanya kazi kwa haraka zaidi na kutaka hewa zaidi. Lakini wakati huo huo maji hupungukiwa na hewa. Lita moja ya maji yenye nyuzi 10 za Sentigredi, kando ya bahari, huweza kushika miligramu 11 hivi za oksijeni. Maji hayo yakifika nyuzi 25, hushika miligramu 8 hivi tu. Basi samaki huyo ni kama mtu aliyeongezewa kazi siku ile ile aliyopunguziwa posho.

Trauti hustawi sana katika maji ya nyuzi 10 hadi 16 hivi. Yakifika nyuzi 20 hivi, trauti wa kahawia huanza kukataa chakula. Yakidumu katika nyuzi 25 kwa siku kadhaa, wengi wao hufa. Trauti wa upinde wa mvua huvumilia zaidi kidogo, lakini tofauti yao si kubwa. Ikumbukwe pia kwamba mtu ashukapo mlima kwa kila mita 1,000, hewa huongezeka joto kwa nyuzi 6 hivi, na maji ya mto hufuata nyuma. Ndiyo maana mto mmoja huweza kuwa nyumba ya trauti asubuhi ya safari yake, na kaburi lake jioni.

Je, trauti aweza kupita katika maji ya joto? Aweza, lakini kwa muda tu. Jua likiwa kali, huacha maji ya wazi na kutafuta mdomo wa kijito kitokacho msituni, au chemchemi itokayo chini ya ardhi, au shimo lenye kina lililo kivulini. Hukaa hapo mpaka usiku, maji yapoapo, ndipo huendelea na safari. Kwa njia hiyo aweza kuvuka sehemu fupi ya mto yenye joto. Lakini lazima pawe na mahali pa kupumzikia njiani, kama vile msafiri wa jangwani ahitajivyo visima. Mto Tana, ukishaiacha milima, hupita mamia ya kilomita katika nchi kavu yenye joto kabla ya kufika Bahari ya Hindi, na visima vya trauti havimo humo. Huko Ulaya wako trauti wa kahawia waendao baharini, kisha hurudi mtoni kutaga mayai. Hapa Kenya joto limeifunga njia hiyo kama ukuta. Lakini mkunga wa mtoni, ambaye ni mwenyeji, huzaliwa baharini na kuupanda mto Tana kupitia maji hayo hayo ya joto bila taabu. Kila kiumbe na njia yake.

Mfano mwingine ni mto Malewa, utokao Nyandarua na kuingia Ziwa la Naivasha. Mara kwa mara trauti wachache wa upinde wa mvua wamepatikana katika ziwa hilo, nao walitoka mtoni. Walionekana, lakini hawakufanya kabila ziwani. Hapa pana somo kubwa: kuonekana si kukaa, na kukaa si kuzaa.

Maana trauti hutaga mayai yake katika changarawe, mahali penye maji safi ya baridi yapitayo kwa nguvu. Katika maji ya nyuzi 10, mayai ya trauti wa upinde wa mvua huanguliwa baada ya mwezi mmoja hivi, na ya trauti wa kahawia huchukua siku 40 hivi. Mayai huhitaji baridi kuliko samaki mzima. Tena matope yakitua juu ya changarawe, hewa haipiti, na mayai hufa kabla ya kuanguliwa. Kwa hiyo mto waweza kuwa na samaki wazima waliotiwa humo na watu, na usiwe na hata kifaranga mmoja aliyezaliwa humo. Mwenye mto kama huo atanunua vifaranga mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka wa tatu. Huko ni kujaza maji katika pakacha.

Tena samaki aliyelelewa bwawani si sawa na yule aliyezaliwa mtoni. Wa bwawani amezoea kutupiwa chakula. Hajajua kujificha asionwe na ndege, wala kusimama nyuma ya jiwe ili asichoshwe na mkondo. Wengi wa namna hiyo hupotea siku za kwanza: hawa huliwa, hawa huchukuliwa na maji mpaka kwenye joto. Na wakimwagwa ghafula kutoka chombo cha maji baridi katika mto wenye joto, mshtuko pekee waweza kuwaua. Haraka haraka haina baraka: yapasa kuwapeleka asubuhi mapema, na kutia maji ya mto katika chombo chao kidogo kidogo, mpaka joto lilingane.

Jambo hili lilifahamika zamani kwa wataalamu wa samaki. Mwaka 1948 vilianzishwa vituo viwili. Cha Kiganjo, karibu na Nyeri, ni cha kuangulia trauti. Cha Sagana, kilicho chini zaidi, ni cha samaki wa maji ya joto, kama tilapia na kambare. Mlima Kenya ndio unaovinywesha vyote viwili, lakini kila kimoja kilipewa samaki wa kukifaa. Basi yule mtu wa nchi ya chini aliyeuliza swali hakunyimwa kitu. Tilapia, ambaye asingestawi katika baridi ya Kiganjo, hunenepa upesi katika bwawa lake, na bei ya kumlisha ni ndogo.

Kwa upande mwingine, trauti naye ana madhara yake. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu hula wadudu wa majini na samaki wadogo, na aina zote mbili za trauti zimeandikwa katika orodha ya ulimwengu ya viumbe 100 wageni waletao madhara makubwa. Katika vijito vya milimani wamo kambare wadogo washikao mawe, ambao hawana mahali pengine pa kukimbilia. Kwa hiyo haifai mtu kubeba samaki hai katika debe na kuwamwaga katika mto mwingine kwa kupenda kwake. Ni lazima apate kwanza ruhusa ya maofisa wa uvuvi.

Liko jambo moja la mwisho, nalo linawahusu hata wale wasioonja trauti maisha yao yote. Mti ukatwapo kando ya mto, kivuli hutoweka na jua hupiga maji. Shamba lilimwapo mpaka ukingoni, udongo hushuka na kufunika changarawe. Maji yavutwapo kwa mifereji kupita kiasi, machache yanayobaki hupata joto upesi. Hapo ule ukuta wa joto hupanda mlima hatua kwa hatua. Trauti akitoweka mahali alipokuwapo zamani, asidhaniwe kwamba ameibwa na wavuvi tu. Yawezekana mto wenyewe umeugua. Na maji yaliyomshinda samaki huyo ndiyo maji yale yale yatekwayo na akina mama, na kunywewa na ng'ombe huko chini. Basi na aache kila mwenye shamba miti isimame ukingoni, ili mto ushuke ukiwa baridi na wenye uzima.