Samaki Apendaye Maji Safi

Leo tungependa tufikiri pamoja juu ya samaki ambaye wengi wetu hapa Nakuru hatujamla, lakini maji yake twayanywa. Samaki huyo ni trauti.

Si mwenyeji wa nchi hii. Mnamo 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, yakatiwa katika mto Gura, milima ya Nyandarua. Baadaye akaja trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni Amerika ya Kaskazini, naye akazaliana upande wetu wa milima, katika maji baridi ya Malewa ya juu. Siku za ukoloni huo ulikuwa mchezo wa walowezi. Mwenyeji alichota maji, mgeni akavua.

Mvuvi wa trauti hatumii wavu wala nyungunyungu. Hutumia nzi wa bandia, yaani ndoana ndogo iliyozungushiwa uzi na manyoya ya ndege hata ifanane na mdudu. Nzi hao hufungwa kwa mikono hapa hapa Kenya na kuuzwa ng'ambo. Trauti hukaa ameelekeza kichwa kule maji yatokako, akingoja chakula kiletwacho na mkondo. Basi mvuvi humjia kwa nyuma, polepole, asitupe kivuli chake majini. Samaki akishtuka, mvuvi na aende kujaribu kwingine.

Petro alikuwa mtu wa nyavu. Lakini katika Mathayo sura ya 17 Bwana alimtuma baharini na ndoana, kwa ajili ya samaki mmoja tu, na kinywani mwake mlikuwa na sarafu ya kulipa kodi ya hekalu. Twapenda kuusimulia muujiza huo, tukasahau hesabu yake: sarafu ile moja ililipa kwa ajili ya watu wawili.

Turudi Malewa. Trauti jike hufukua changarawe kwa mkia, akataga humo na kuyafunika mayai. Mayai huishi kwa hewa iliyomo katika maji yapitayo kati ya vijiwe. Tope likishuka kutoka shambani na kuziba nafasi hizo, hufa yote, wala hakuna anayesikia kelele. Na miti ya ukingoni ikikatwa, jua huyapiga maji. Yakipita nyuzi 20 hivi, hata samaki mkubwa huanza kutaabika.

Mtu atasema, na afe huyo samaki wa wazungu! Hatutabishana naye sana. Trauti ni mgeni, na hula viumbe wadogo waliomtangulia. Lakini tope halimchagui mgeni. Maji ya Turasha huja kwa mabomba hadi Gilgil na Nakuru. Malewa ndio uletao sehemu kubwa ya maji ya ziwa Naivasha, wanakotegemea wavuvi, wenye mashamba ya maua na vibarua wao.

Na tuseme wazi: wengi wanaolima hadi ukingoni ni watu wa makanisa yetu. Siku ya mavuno huleta viazi madhabahuni, na viazi hivyo vimechimbwa hatua mbili kutoka mtoni. Hatuwahukumu upesi. Shamba ni dogo, na karo haingoji. Mistari miwili ya viazi ni fedha.

Ndiyo maana twapenda jambo lililofanyika katika bonde hilo. Mnamo 2010 watumiaji wa maji wa Naivasha walianza kuwapa wakulima wa Turasha na Wanjohi vocha za kununulia pembejeo, ili wapande nyasi kando ya mito na kuacha kulima ukingoni. Wa chini alimlipa wa juu. Nyasi zilishika udongo, zikakatwa, zikalisha ng'ombe.

Basi ndugu mwenye shamba linalogusa Malewa, Turasha au Wanjohi, uwe umepewa vocha au hukupewa, kabla mvua ya masika haijaanza nenda ukapime kwa hatua zako, toka maji yalipo mpaka mstari wako wa kwanza wa viazi. Nawe unywaye maji hayo mjini, ukikutana naye sokoni, muulize amepata hatua ngapi, na nyasi zake zimemgharimu nini.