Samaki Asiyetakiwa na Bahari ya Jirani



Ulinzi wa mpaka wa baharini unapotajwa, mawazo yetu huenda kwenye magendo, uvuvi wa baruti na vyombo vigeni vinavyoingia bila ruhusa. Leo tutazungumza juu ya mgeni wa namna nyingine, ambaye huvuka mipaka ya nchi jirani bila silaha na bila pasipoti, naye hutiwa baharini na mtu asiyekuwa na nia mbaya hata kidogo. Mgeni huyo ni samaki wa mapambo aliyechokwa na mwenyewe.

Katika Marekani na Ulaya watu wengi hufuga majumbani mwao, ndani ya matangi ya kioo, samaki na matumbawe ya bahari za joto. Wengi wa samaki hao hawakuzaliwa matangini, bali wamevuliwa baharini. Baadhi yao hutoka karibu na mlango wetu, kwani jirani zetu wa Kenya wameuza nje samaki wa mapambo wa pwani yao kwa miaka mingi.

Samaki aliyenunuliwa akiwa mdogo hukua akalishinda tangi, au huwala wenzake. Pengine mwenyewe huhama, au huelemewa na gharama ya umeme na chumvi. Kumwua hana moyo wa kufanya hivyo. Basi humtia ndooni, humchukua hadi ufukweni na kumwachia. Hujiona ametenda wema akaenda zake.

Matokeo ya wema wa namna hiyo yameonekana katika jimbo la Florida, Marekani. Mwezi wa Oktoba, 1985, karibu na Dania Beach, alipatikana samaki mwenye mistari mieupe na myekundu na mapezi marefu yenye miiba ya sumu, ambaye wageni humwita samaki simba. Samaki huyo si wa bahari ile. Asili yake ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, na huku kwetu ni mwenyeji tangu kale. Wataalamu walio wengi wanaona kwamba alifika Florida kwa njia ya matangi ya nyumbani.

Yaliyofuata hayakuishia Florida. Jike moja huweza kutaga mayai yapatayo milioni 2 kwa mwaka, na mayai hayo huchukuliwa na mikondo ya bahari. Mwaka 2004 samaki simba alionekana Bahamas, na mwaka 2007 Cuba. Baadaye alienea Karibi nzima na Ghuba ya Mexico, na mwaka 2014 akapatikana Brazil. Katika miamba kadhaa ya Bahamas, wachunguzi waliona kwamba kati ya mwaka 2008 na 2010 uzito wa samaki wadogo wenyeji ulipungua kwa asilimia 65. Wapiga mbizi huwachoma samaki hao kwa mikuki, lakini wengine huishi kwenye kina cha zaidi ya mita 100, wasikofikiwa kwa urahisi. Mvuvi wa Bahamas hakumnunua samaki huyo wala hakumwachia, lakini ndiye aliyelipishwa.

Basi dawa yake ni nini? Serikali ya Florida ilitambua kwamba kumtisha mfugaji kwa adhabu kutamfanya amtupe mnyama wake usiku. Kwa hiyo tangu mwaka 2006 kumewekwa mpango wa msamaha: mwenye mnyama wa kigeni asiyemtaka humkabidhi bila kushtakiwa na bila malipo, hata kama hakuwa na kibali. Mnyama huyo hupewa mlezi mwingine aliyekwisha kukaguliwa na kukubaliwa. Ninyi askari mnaifahamu busara hiyo, maana ndiyo inayotumika pale raia wanapotakiwa kusalimisha silaha kwa hiari. Mwaka 2014 jimbo hilo lilikwenda mbele zaidi, likapiga marufuku kuingiza samaki simba walio hai.

Jambo hili lina sehemu inayomhusu moja kwa moja askari wa bandarini, uwanja wa ndege na mpakani. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uitwao CITES, ulitiwa saini Washington mwaka 1973. Kenya ilijiunga mwaka 1978, na Tanzania mwaka 1979. Matumbawe magumu na farasi wa baharini wamo katika orodha ya viumbe wasioruhusiwa kuuzwa nje bila kibali. Kifungu cha 8 cha mkataba kinaagiza kwamba kiumbe hai aliyekamatwa akabidhiwe kwa mamlaka ya taifa inayohusika, ili arudishwe nchi alikotoka au apelekwe kwenye kituo cha kuokolea viumbe.

Maana yake ni kwamba kazi ya askari haimaliziki kwa kumkamata mwenye mzigo. Samaki na matumbawe si magunia ya kuwekwa katika ghala la vielelezo hadi siku ya kesi. Maji ya bomba huwaua, na jua kali huwaua vilevile. Hapana budi wawekwe kivulini ndani ya maji ya bahari, na mabwana samaki waitwe mara moja.

Wala askari asishikwe na huruma akawamwaga kwenye maji yaliyo karibu, hata kama anaamini kwamba ndiko walikotoka. Kiumbe aliyechanganywa na wa bahari nyingine huweza kubeba maradhi yasiyojulikana katika mwamba wetu. Uamuzi wa kumrudisha baharini ni wa wataalamu.

Pengine atatokea mtu wa kuuliza kama inafaa kumshughulisha mlinzi wa taifa kwa ajili ya samaki wa pambo. Mtu huyo na awatazame wavuvi wa Karibi. Kosa la ndoo moja halikuweza kufutwa na serikali za nchi nyingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na baharini hata ukuta wenyewe haujengeki. Katika jambo hili ujirani mwema ni kumkabidhi kiumbe tusiyemtaka kwa anayejua kumtunza, wala si kumwachia katika maji ambayo kesho yatakuwa ya mwenzetu.