Usimfiche Mtoto, Msaidie Mapema

Leo nasema nawe, mzazi wa Ngong, Kiserian au Kitengela, ambaye mtoto wako anachelewa kukua kama wenzake.

Kwa kawaida, mtoto wa miezi 4 huweza kukaza shingo. Wa miezi 9 huketi bila kushikiliwa. Kufikia miezi 18 hutembea. Wako akipitwa, usingoje kwa kuambiwa "atatembea tu". Mpeleke kliniki wiki hii. Ubongo hujifunza upesi katika miaka ya kwanza, na wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji.

Kisha uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kilipo kituo cha utathmini. Vituo hivi vilianza nchini mwaka 1984. Huko mtoto hupimwa anavyosikia, anavyoona na anavyoelewa, nawe ushauriwe shule inayomfaa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule kumbagua mtoto anayeomba nafasi kwa sababu ya ulemavu.

Nyumbani, mlishe akiwa ameketi wima, asije akapaliwa. Mtajie vitu anavyovishika: kikombe, kiatu, kijiko. Baba, nawe mbebe. Mama akilea peke yake huchoka.

Majirani, ulemavu si laana. Mama akienda sokoni, mkaeni na mtoto hata saa moja.

Mtoto aliyefichwa chumbani haonwi na daktari wala mwalimu. Mfungulie mlango leo. Kwaheri.